Kengele ya Montreal: Ukweli na Uigizaji katika Masimulizi ya Bret Hart

Kati ya masimulizi mengi yaliyotungwa juu ya mieleka ya kulipwa, mawili yafaa kutazamwa pamoja. La kwanza ni filamu ya Paul Jay, Hitman Hart: Wrestling with Shadows, iliyotolewa nchini Kanada mwaka 1998. La pili ni kitabu cha Bret Hart mwenyewe, Hitman: My Real Life in the Cartoon World of Wrestling, kilichochapishwa mwaka 2007. Yote mawili yanauzunguka usiku mmoja, yaani tarehe 9 Novemba 1997, katika ukumbi wa Molson Centre mjini Montreal, ambapo Hart alinyang'anywa ubingwa wake kwa hila ya mwenye kampuni, mbele ya maelfu ya watu. Tangu hapo habari hiyo imerudiwa mara nyingi katika televisheni, kwa mfano mwaka 2019 na tena mwaka 2024, lakini ni filamu na kitabu hicho vilivyoweka namna ya kuisimulia.

Masimulizi hayo yanaahidi jambo kubwa. Yanaahidi kumtoa mtazamaji mbele ya jukwaa na kumpeleka nyuma ya pazia, mahali ambapo ngumi ni ngumi na uchungu ni uchungu. Ahadi hiyo imetimizwa nusu tu. Mtazamaji akifika nyuma ya pazia anamkuta tena mwema mmoja na mwovu mmoja, sawasawa na ulingoni. Na kwa kuwa anajishughulisha na kumpenda huyu na kumchukia yule, hana nafasi ya kuuliza swali lililo chini ya ugomvi wote: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba mtu ameshindwa?

Kabla ya kuendelea inafaa kueleza ufundi wenyewe, maana bila huo ugomvi wa Montreal hauna maana. Mchezo huu nchini Kongo unajulikana zaidi kwa jina lake la Kifaransa, catch, na mjini Kinshasa una wapenzi wengi tangu miaka ya 1970. Huko wanamieleka hupanda ulingoni na dawa zao, na hadhira haisumbuki sana kujua kama matokeo yamepangwa. Yabishaniwa hasa ni dawa ya nani yenye nguvu. Roland Barthes, katika makala yake ya mwaka 1952 aliyoiingiza baadaye katika kitabu Mythologies cha mwaka 1957, aliona jambo karibu na hilo kwa watazamaji wa Ufaransa: kwamba mchezo huo ni onyesho na wala si mashindano, na mtu wa ukumbini hadai kujua kilicho kweli bali adai kuona ishara zilizo wazi, uovu ukiwa uovu na mateso yakiwa mateso. Uchambuzi wa Barthes ni mzuri, ila unatazama kutoka kitini. Hausemi lolote juu ya watu wawili wanaokubaliana, saa mbili kabla ya onyesho, ni nani atakayelala chali.

Hapo Kiswahili chaweza kusaidia. Neno mweleka, ambalo wingi wake ni mieleka, lataja anguko lenyewe; jina la mchezo kwetu ni jina la kuanguka. Na kitenzi kuanguka kina ndugu zake. Mtu aweza kuangushwa, kwa nguvu za mwenziwe. Aweza kujiangusha, kwa hiari yake. Aweza pia kuangushana na mwenziwe, leo huyu na kesho yule. Mwanamieleka wa kulipwa anafanya mambo hayo yote kwa pamoja: anajiangusha kwa namna ambayo aonekane ameangushwa, naye anakubali hivyo kwa kutumainia kwamba siku nyingine mwenziwe atamfanyia vilevile. Ufundi wote umejengwa juu ya kiambishi -ana. Mtu anaweka mgongo wake, shingo yake na jina lake mikononi mwa mwingine, na anamwamini asimvunje. Tena wenyewe katika lugha yao ya ndani humwita mwenye kushindwa kwa mapatano kuwa "amefanya kazi". Neno hilo lastahili kukumbukwa, kwa maana masimulizi ya Hart yanalitumia mara nyingi bila kulitazama kwa makini.

Wasomaji wa Katanga wana mfano wao wa karibu. Kikundi cha michezo ya kuigiza cha Mufwankolo, ambacho Johannes Fabian alikifuata mjini Lubumbashi mwaka 1986 walipokuwa wakitengeneza mchezo uitwao Le pouvoir se mange entier, hakikuwa na maandishi ya kukariri. Waigizaji walipatana juu ya mfuatano wa matukio na mwisho wake, kisha maneno yakazaliwa wakati wa kucheza. Mieleka ya kulipwa inafanywa hivyohivyo: mwisho ni wa mapatano, katikati ni ya kubuni. Tofauti ni kwamba katika mieleka kampuni ina haki ya mwisho, na mwisho una thamani ya fedha. Mwigizaji wa Lubumbashi aliyeigiza mtu aliyeshindwa hakupungukiwa na mshahara kwa kuwa ameshindwa. Mwanamieleka, akishindwa mara nyingi, jina lake linashuka, na jina likishuka malipo yanashuka. Kwa hiyo siasa za chumba cha kuvalia si upuuzi wa watu wenye kiburi, ingawa kiburi hakikosekani. Ni siasa za mkate.

Ugomvi wa Hart na Shawn Michaels ulikua katika udongo huo. Tarehe 31 Machi 1996, mjini Anaheim, Hart alimpa Michaels ubingwa baada ya pambano la saa moja na zaidi. Michaels wakati huo alikuwa na kundi lake la marafiki, akina Kevin Nash, Scott Hall, Sean Waltman na Paul Levesque, ambao sauti yao kwa mwenye kampuni, Vince McMahon, ilikuwa kubwa. Tarehe 19 Mei ya mwaka huohuo, katika Madison Square Garden ya New York, wanne kati yao walikumbatiana ulingoni mbele ya watu, wema na waovu pamoja, kwa kuwaaga Nash na Hall waliokuwa wakihamia kampuni shindani ya WCW. Katika ufundi huu kuna sheria ya kale ya kutunza siri iitwayo keifebu: mwovu na mwema wasionekane wakila sahani moja. Watu hao waliivunja hadharani, na adhabu ikamwangukia Levesque peke yake, kwa kuwa Michaels alikuwa bingwa na wawili walikuwa wamekwisha kuondoka. Huo ni ushahidi wa jinsi mizani ilivyokuwa.

Mwezi wa Februari 1997 Michaels aliuacha mkanda wa ubingwa mbele ya kamera, akisema goti lake limeumia. Hart aliamini, na hakuacha kuamini, kwamba goti lilikuwa kisingizio cha kukwepa kumrudishia deni la Anaheim. Katika Mei Michaels alitupa neno katika televisheni lililodokeza kwamba Hart ana uhusiano na mwanamke mmoja wa kampuni. Mwezi uliofuata, mjini Hartford, wawili hao walipigana kweli katika chumba cha kuvalia. Hatimaye, kwa maelezo ya Hart, ikafika siku ya Oktoba ambapo yeye alimwambia Michaels kwamba yu tayari kumfanyia kazi ikihitajika, naye Michaels akajibu kwamba yeye hayuko tayari kufanya hivyo kwa Hart. Baada ya neno hilo -ana ilikuwa imekufa.

Mambo ya fedha yalikuja juu ya hayo. Mwaka 1996 Hart alikataa malipo makubwa ya WCW akatia sahihi mkataba wa miaka 20 na McMahon. Mwaka mmoja haujatimia McMahon akamwambia kwamba hataweza kuulipa, akamshauri atafute njia kwa washindani. Hart alikuwa bingwa wakati huo. Na katika mkataba wake mlikuwa na kifungu kilichompa, kwa siku 30 za mwisho, haki ya kushiriki kwa kadiri ifaayo katika kuamua namna atakavyoonyeshwa. Hakukataa kupoteza mkanda. Alikataa kuupoteza kwa Michaels, na alikataa kuupoteza katika nchi ya Kanada. Tangu Machi ya mwaka huo alikuwa ameigizwa kama mzalendo wa Kanada, mwovu katika Marekani na shujaa kwao, na uigizaji huo ulikuwa umemwingia moyoni.

Filamu inasema "Kanada" kana kwamba ni kitu kimoja. Montreal iko Quebec, ambako miaka miwili tu kabla, tarehe 30 Oktoba 1995, hoja ya kujitenga ilishindwa kwa asilimia 50.58 dhidi ya 49.42. Michaels aliidhalilisha bendera ya Kanada ulingoni na ukumbi ukanguruma kwa hasira. Mtengenezaji mwingine wa filamu angejiuliza ni hasira ya aina gani, katika mji ule, mwaka ule. Jay hakujiuliza, alihitaji taifa moja nyuma ya shujaa wake.

Mchana wa siku ile Hart na McMahon walipatana kwamba pambano litavurugika, hakuna atakayeshinda, na Hart ataukabidhi mkanda baadaye kwa heshima. Usiku, Michaels alipokuwa amemfunga miguu Hart kwa mshiko uleule uliokuwa sifa ya Hart mwenyewe, mwamuzi Earl Hebner, rafiki wa Hart, aliashiria kwamba bingwa amesalimu amri. McMahon, aliyekuwa kando ya ulingo, alipiga kelele kengele igongwe. Ikagongwa. Hart hakuwa amesalimu. Alimtemea McMahon mate, akaandika kwa kidole hewani herufi za kampuni aliyokuwa akiiendea, akavunja mashine za televisheni. Baadaye katika chumba cha kuvalia alimpiga McMahon ngumi moja. Michaels aliapa usiku ule kwamba hakujua kitu. Miaka kadhaa baadaye alikiri kwamba alijua.

Nguvu ya filamu ni kwamba Jay alikuwa pale. Alikuwa ameanza kumfuata Hart kwa nia ya kutengeneza picha ya mtu na familia yake, na hakujua atakutana na nini. Sehemu mbili zina thamani kuliko zote. Ya kwanza ni mazungumzo ya mchana yaliyonaswa kwa kipaza sauti alichokificha Hart nguoni, ambamo McMahon anasikika akikubali kwa upole yale atakayoyavunja baada ya saa chache. Ni kitu cha ajabu kusikia uwongo ukisemwa kwa sauti ya kawaida kabisa, bila mbwembwe, na mtu ambaye ulingoni hufundisha wengine kutia chumvi. Ya pili ni ya ukumbi mwembamba wa nyuma, ambapo Julie, mke wa Hart, anamkabili Levesque na kumtaka aseme kama alijua, naye anakana. Hakuna muziki na hakuna sauti ya kueleza. Mwanamke huyo hana mkataba, hana jina la jukwaani, hana mkanda wa kupoteza, na kwa hiyo yeye peke yake katika filamu nzima anazungumza bila kuigiza.

Lakini tukio lenyewe la ngumi halimo. Mlango ulifungwa, kamera ikabaki nje. Kinachoonekana ni McMahon akitoka na kupita akiyumba. Wengi wamelisikitikia pengo hilo kama bahati mbaya ya mpiga picha. Afadhali liitwe sehemu iliyo ya kweli kuliko zote, kwa sababu linamwonyesha mtazamaji mpaka wa ahadi aliyopewa: nyuma ya pazia pana mlango mwingine, na yaliyo nyuma yake atayajua kwa kusimuliwa tu, na wanaosimulia ni wanamieleka. Kwa kuwa Jay aliiacha sauti ya Hart iongoze filamu, pengo hilo linazibwa mara moja na shujaa aliyetetea heshima yake, na mtazamaji anarudishwa kwa utaratibu katika hadithi aliyoizoea. Si ajabu kwamba wako hadi leo watu wanaodai kwamba mambo yote ya Montreal yalipangwa, Hart akiwamo. Dai hilo ni dhaifu, ukizingatia yaliyompata Hart baadaye, lakini limezaliwa na umbo la masimulizi yenyewe. Kilichosimuliwa kama mchezo kitashukiwa kuwa mchezo.

Siku chache baada ya tukio, McMahon alijitetea katika televisheni yake kwa sentensi ambayo mashabiki waliikariri kwa miaka: kwamba Vince McMahon hakumponza Bret Hart, Bret ndiye aliyemponza Bret. Filamu inaipokea sentensi hiyo kama tusi. Inastahili kuchunguzwa zaidi ya hapo. Mswahili angesema tu "alijiponza", na kiambishi -ji- kingewaunganisha mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. McMahon alilirudia jina mara mbili, na kwa kurudia aliwatenga: yuko Bret anayelipwa, mwenye wajibu wa kushindwa anapoambiwa, na yuko Bret wa ulingoni, ambaye ni mali ya kampuni. Wa kwanza alikataa wajibu, wa pili akaharibika. Ni utetezi wa mwenye mali juu ya mali. Na kwa upande wake Hart, filamuni na kitabuni, anafanya kinyume chake: anakataa katakata kwamba wako wawili. Akisema shujaa hawezi kushindwa nyumbani kwake, hatofautishi kati ya shujaa na mtu. Wengi walimcheka kwa hilo, wakisema ameuamini mchezo wake mwenyewe. Ila ukitazama vizuri, mtu aliyepewa na mkataba haki ya kushiriki katika kuamua jinsi sura yake itakavyoonyeshwa ana sababu ya kutoiona sura hiyo kuwa kitu cha mtu mwingine.

Jambo la kengele nalo ni la lugha. Mwanafalsafa J. L. Austin alionyesha kwamba yako maneno ambayo kuyasema ni kutenda: hakimu akisema mtu ana hatia, hatia imepatikana. Kengele ya ulingo ni ya namna hiyo. Haikueleza kwamba Hart amesalimu. Ilimfanya awe amesalimu. Hakuna aliyerudi baadaye kusema kwamba matokeo ni batili kwa kuwa hayakutokea, na jina la Michaels liliandikwa katika orodha ya mabingwa na likabaki humo. Katika mchezo ambao kila anguko ni la mapatano, hakuna kipimo kingine cha anguko la kweli isipokuwa mamlaka ya mwenye kuamuru kengele. Filamu inaita tendo lile uwongo. Lingekuwa uwongo kama McMahon angekuwa shahidi tu. Yeye alikuwa mwenye kengele.

Kulikuwa na maneno mengine yaliyopaswa kuwa na nguvu kama ya kengele, nayo ni yale ya kifungu cha mkataba. Udhaifu wake umo katika "kadiri ifaayo". Kadiri ya nani? Kama Hart aweza kukataa pambano moja, je, aweza kukataa yote hadi siku ya 30? Hart alilisoma neno hilo kama ngao, McMahon kama adabu tu. Maneno ya karatasi yalikuwa ya watu wawili na yalihitaji mtu wa tatu wa kuyafasiri, lakini kengele haikuhitaji mtu wa tatu. Hapo ndipo kiini cha habari yote kilipo, na filamu inapita haraka, kana kwamba mambo ya mkataba ni kavu mno kwa watazamaji waliokuja kuona machozi.

Kupita huko kuna gharama. Tarehe 25 Novemba 1985, katika Madison Square Garden, mwanamke aliyekuwa bingwa wa kampuni hiyohiyo, Wendi Richter, aliangushwa kwa hila kama ile, na mpinzani aliyefunikwa uso ambaye chini ya kifuniko alikuwa mkongwe Fabulous Moolah. Richter alikuwa na ugomvi na kampuni juu ya malipo. Alihesabiwa ameshindwa ingawa alikuwa ameinua bega, naye akaondoka ukumbini usiku uleule na nguo zake za ulingoni. Hapakuwa na mpiga filamu, hapakuwa na bendera. Na kabla ya wote hao, tarehe 15 Aprili 1925 mjini Philadelphia, Stanislaus Zbyszko alikataa katikati ya pambano kuanguka kama ilivyopangwa, akambwaga kweli bingwa Wayne Munn, ambaye hakuwa mwanamieleka wa kweli bali mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyepewa mkanda kwa ukubwa wa mwili wake. Kwa hiyo usaliti wa Montreal si jambo la pekee katika historia ya ufundi huu. Tofauti yake na ule wa 1925 ni kubwa: siku ile mwanamieleka aliwasaliti wenye mchezo kwa kuwatumikia waandaaji wengine, ambapo mwaka 1985 na 1997 mwenye mchezo hakuwa na mshindani ndani ya ukumbi. Jina la Richter hutajwa kwa nadra habari za Montreal zinaposimuliwa, na kwa ajili ya kutotajwa kwake Hart aonekana kama mtu wa kwanza kuonewa.

Hayo yasingewezekana kirahisi kama watu hawa wangekuwa na chama. Mwaka 1986 Jesse Ventura alijaribu kuwashawishi wenzake waanzishe chama cha wafanyakazi. Habari zilimfikia McMahon mara moja, na miaka ya baadaye, katika kesi aliyoifungua Ventura juu ya haki zake za mauzo ya kanda za video, ilijulikana kwamba aliyezipeleka ni Hulk Hogan, mtu aliyelipwa kuliko wote. Ni lazima kulitazama tendo hilo na ugomvi wa Hart na Michaels kwa jicho moja. Katika chumba ambamo kila mtu anapanda kwa mwenziwe kushuka, mwenye kampuni hana haja ya wapelelezi. Kwa sheria ya Marekani wanamieleka hao hawahesabiwi hata kuwa waajiriwa, bali kama wenye kazi zao wenyewe, ijapokuwa kampuni huwaamuru jina, mavazi, na siku ya kuanguka. Na kampuni hiyohiyo ilikuwa tayari kuukana mchezo ilipofaa: mwaka 1989, katika jimbo la New Jersey, ilikiri mbele ya watunga sheria kwamba mieleka yake ni burudani na si michezo ya mashindano, ili isiwe chini ya tume ya michezo. Keifebu ilikuwa sheria kwa wafanyakazi. Mwajiri aliivua kama koti.

Kitabu cha 2007 ni bora kuliko filamu katika mambo mawili. Hart alikuwa amejirekodi kwa sauti kwa miaka mingi akiwa safarini, na kwa hiyo tarehe, miji na maneno vimo kwa wingi, na msomaji anaona uchovu wa kazi: usiku baada ya usiku, gari baada ya ndege. Pili, haachi kujishitaki mwenyewe, hasa kwa kumkosea mkewe. Anajivunia sana, na kwa haki, kwamba mikononi mwake wapinzani hawakuumia vibaya. Na anawapima wenzake wote kwa kipimo hicho. Kipimo ni kizuri. Ila kitabu ni kirefu mno, na kina tabia ya kuhesabu upya kila pambano, nani alistahili kuanguka na nani hakustahili, mpaka msomaji anaanza kuhisi kwamba daftari hili la madeni halitafungwa kamwe. Hart anamwelewa McMahon kama baba aliyemsaliti, na hapo kivuli cha baba yake mzazi, Stu Hart wa Calgary, aliyewafunza vijana mieleka kwa kuwaumiza katika chumba cha chini ya nyumba yake, ni kizito. Mtu anayemwona mwajiri kama baba hudai upendo mahali ambapo angedai mkataba ulio wazi.

Yaliyofuata yanajulikana. McMahon, aliyetakiwa na filamu awe mwovu, aliuchukua uovu huo akauvaa: "Mr. McMahon", tajiri dhalimu anayewaonea wafanyakazi wake, akawa mmoja wa wahusika waliouza tiketi nyingi kuliko wote, na kampuni ikawashinda WCW, ambao mwaka 2001 walinunuliwa nayo. Kwa njia hiyo filamu iliyotaka kumfichua ilimpa vazi. Hart kwa WCW hakupata furaha. Teke la Desemba 1999 liliudhuru ubongo wake, akastaafu mwaka 2000, na mwaka 2002 akapatwa na kiharusi. Ndugu yake mdogo, Owen, aliyebaki kwa McMahon, alianguka kutoka darini mwa ukumbi wa Kansas City tarehe 23 Mei 1999, alipokuwa akiteremshwa kwa kamba kwa ajili ya mchezo, akafa. Onyesho liliendelea usiku ule. Katika lugha ya ufundi huu, iliyo na majina ya kila aina ya kuanguka, anguko hilo halikuwa na jina.

Januari 2010 Hart na Michaels walipeana mikono ulingoni, na tarehe 28 Machi mwaka huo Hart akamshinda McMahon kwa mshiko wake wa zamani, kwa mapatano, mbele ya umati uliolipa. Septemba 2024, mfululizo wa filamu za maisha ya McMahon ulipokaribia kuonyeshwa, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kuiacha kampuni mwezi wa Januari kwa sababu ya mashtaka mazito ya mfanyakazi wake wa zamani, alitoa taarifa ya kulalamika. Alisema watengenezaji wamemchanganya mhusika "Mr. McMahon" na mtu Vince, kana kwamba hao wawili ni mmoja.